Rejeta ikipasuka: Jinsi ya kuibadilisha nyumbani bila kuua injini

GARI lililoegeshwa kando ya barabara, boneti ikiwa wazi na mvuke ukifuka, si kioja kwa wasafiri wa kati ya Kisumu na Kakamega.

Barabara hiyo hupanda kutoka ufuo wa Ziwa Victoria kupitia Kiboswa, Majengo na Chavakali hadi mji wa Kakamega, ambao uko takriban mita 1,535 juu ya usawa wa bahari. Kwa safari ya karibu kilomita 50, gari huwa limepanda takriban mita 400, aghalabu likiwa limesheheni abiria na mizigo.

Mlima huo haumpi dereva nafasi ya kuficha maradhi ya gari lake. Rejeta iliyoziba au yenye ufa mdogo, ambayo ingevumilia safari fupi za mjini, hushindwa kabisa injini inapolazimika kufanya kazi kwa nguvu na kwa muda mrefu.

Kubadilisha rejeta ni miongoni mwa kazi chache kubwa za gari ambazo mtu makini, mwenye vifaa vya kawaida na saa tatu au nne za utulivu, anaweza kuzifanya katika ua wa nyumba yake. Hata hivyo, ni kazi yenye hatari zake. Akikosea, anaweza kuungua vibaya, kuangukiwa na gari au kuiharibu injini ambayo bei yake huishinda rejeta mara nyingi.

Kazi ya rejeta

Petroli au dizeli inapoungua ndani ya silinda, ni sehemu ndogo tu ya nishati yake inayogeuka kuwa mwendo. Takriban thuluthi moja hubakia kuwa joto ambalo halina budi kuondolewa na maji yanayozunguka ndani ya injini.

Pampu huyasukuma maji hayo kupitia injini, yakafyonza joto, kisha yakapita kwenye mpira wa juu hadi ndani ya rejeta. Humo huteremka au kupita kando katika vijibomba vyembamba vilivyozungukwa na mapezi ya madini, upepo ukayapoza, yakarejea kwenye injini kupitia mpira wa chini.

Muundo wa vijibomba vingi vyembamba si mpya. Mhandisi Mjerumani Wilhelm Maybach aliutumia muundo unaofanana na sega la nyuki katika gari la Mercedes lililoundwa mwaka wa 1900, na tangu hapo magari yakaweza kubeba injini kubwa bila ya kubeba matangi ya maji.

Kati ya injini na rejeta kuna mlango mdogo uitwao thamostati. Maji yakiwa baridi, mlango huo hufungwa ili injini ipate joto upesi. Yanapofika takriban nyuzi 82 hadi 88 za Selsiasi, kutegemea aina ya gari, mlango hufunguka na maji kuanza kupita kwenye rejeta.

Hapa ndipo mwinuko wa Kakamega unapoingia katika hesabu. Mjini Mombasa, kwenye usawa wa bahari, maji huchemka yakifika nyuzi 100. Kakamega huchemka yakiwa takriban nyuzi 95, kwa kuwa shinikizo la hewa ni dogo zaidi. Pengo kati ya joto la kawaida la injini na kiwango cha kuchemka ni jembamba kuliko pwani.

Kinachoziba pengo hilo ni kifuniko cha rejeta. Kifuniko cha magari mengi ya Japani huwa kimeandikwa 0.9 au 1.1, yaani kiwango cha shinikizo ambacho springi yake huzuia. Kikiwa kizima, maji ya Kakamega huweza kupita nyuzi 110 bila ya kuchemka. Kikilegea, injini iliyo nzima kabisa hutokota maji. Ndiyo maana fundi mwerevu hukikagua kifuniko kabla ya kulaumu rejeta.

Ni rejeta kweli?

Kosa linalowagharimu wengi ni kununua rejeta mpya ilhali ugonjwa uko kwingine. Mita ya joto ikipanda, mwenye gari anapaswa kwanza kujiuliza iwapo feni huzunguka injini ikipata moto, iwapo mkanda wa pampu haujakatika wala kulegea, na iwapo hakuna maji yanayodondoka kutoka kwenye pampu yenyewe.

Dalili za rejeta iliyoharibika huonekana kwa macho. Kuna alama za rangi ya waridi, kijani au nyeupe mahali maji yanapokaukia, ufa kwenye tangi la plastiki la juu, mapezi yanayomomonyoka yakiguswa, au unyevu pale plastiki inapoungana na madini.

Iwapo vipovu hutoka mfululizo kwenye mdomo wa rejeta injini inapounguruma, mafuta ya injini yamegeuka rangi ya chai ya maziwa, au moshi mweupe unafuka kwenye ekzosi hata injini ikiwa moto, basi huenda gasketi ya hedi imeungua. Rejeta mpya haitaiponya injini hiyo. Gari kama hilo lahitaji fundi wa injini.

Katika magari ya zamani, rejeta ziliundwa kwa shaba na kuunganishwa kwa risasi. Mafundi wa jua kali waliweza, na bado wanaweza, kuziba tundu kwa kuchomelea. Nyingi za magari yanayoletwa kutoka Japani siku hizi zina kiini cha alumini na matangi ya plastiki yaliyobanwa kwa meno ya bati. Plastiki ikishazeeka na kupasuka, gundi huishikilia kwa siku chache tu, kisha joto na shinikizo huifungua tena, pengine katikati ya safari.

Vivyo hivyo, desturi ya kutia yai bichi au unga wa manjano ndani ya rejeta ili kuziba tundu yaweza kumfikisha dereva nyumbani, lakini uchafu huo huganda ndani ya vijibomba, thamostati na hita. Anayefanya hivyo hununua kilomita chache kwa bei ya rejeta nzima.

Kununua iliyo sahihi

Magari mawili ya jina moja na mwaka mmoja yaweza kutumia rejeta tofauti. Tofauti kubwa huwa kati ya gari la gia za mkono na lile la giaboksi ya otomatiki. Rejeta ya otomatiki huwa na vijibomba viwili vya ziada, kwa kawaida upande wa chini, vinavyopitisha mafuta ya giaboksi ili nayo yapozwe.

Kwa hivyo, mnunuzi aende dukani akiwa na nambari ya chesisi, aina ya injini na, ikiwezekana, rejeta kuukuu yenyewe. Aziweke mbili hizo sambamba na kulinganisha urefu, unene, mahali pa mipira, mashimo ya kufungia feni na vishikizi vya juu na chini.

Rejeta zilizotumika Japani huuzwa kwa bei nafuu katika maduka ya vipuri. Kabla ya kulipa, ni busara kuzikagua iwapo plastiki imegeuka rangi na kuwa kavu, kwani hiyo ni dalili ya uzee. Yafaa pia kununua kifuniko kipya, klipu mpya na mipira mipya iwapo ya zamani imevimba, imelainika au ina nyufa.

Vifaa na maandalizi

Vifaa vinavyohitajika ni spana na soketi, hususan namba 10 na 12 kwa magari mengi ya Japani, bisibisi bapa na ya nyota, koleo, karai pana, matambara, glavu na miwani ya kulinda macho. Iwapo italazimu kuingia chini ya gari, jeki pekee haitoshi. Gari liegemezwe kwenye stendi za chuma. Matofali hayafai kwa kazi hiyo, kwa kuwa hupasuka ghafla bila ya ishara.

Gari liegeshwe mahali tambarare na pagumu. Wakati wa mvua, udongo wa Kakamega hulainika na jeki huzama au kuinama. Ubao mpana chini ya jeki, mawe nyuma ya magurudumu na breki ya mkono ni mambo yasiyohitaji kujadiliwa.

Sharti kubwa kuliko yote ni kwamba injini iwe baridi kabisa. Saa bora ni asubuhi, baada ya gari kulala. Maji yaliyobanwa ndani ya rejeta moto huweza kuwa na joto linalopita kiwango cha kuchemka, na kifuniko kinapofunguliwa hubadilika kuwa mvuke mara moja. Lita moja ya maji hutoa zaidi ya lita 1,600 za mvuke, na yote hutafuta njia kupitia mdomo ule ule aliouinamia mtu.

Anayeungua apozwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, avuliwe pete na saa, kisha apelekwe hospitalini. Dawa ya meno, mafuta ya kupikia na mayai visipakwe juu ya kidonda, kwani huzuia joto lisitoke na huleta uchafu. Maji yakimwingia machoni, asicheleweshwe hata kidogo.

Baada ya hapo, waya wa hasi wa betri ufunguliwe. Feni ya umeme katika baadhi ya magari huweza kuanza kuzunguka yenyewe hata ufunguo ukiwa umetolewa, nayo haichagui kati ya upepo na vidole.

Kuitoa kuukuu

Kwanza, picha zipigwe kwa simu kuonyesha kila mpira, waya na klipu ilivyo. Picha hizo zitakuwa mwalimu wakati wa kurudisha.

Kifuniko kifunguliwe polepole kwa kitambaa kinene. Karai liwekwe chini, kisha skrubu ya kutolea maji iliyo upande wa chini wa rejeta ilegezwe. Iwapo imeoza au imekwama, mpira wa chini waweza kufunguliwa badala yake, ingawa maji yatamwagika kwa kasi. Kiasi kilichotoka kipimwe, kwa sababu kitamsaidia mwenye gari kujua kiasi cha kurudisha. Magari madogo mengi hubeba baina ya lita nne na saba katika mfumo mzima, na si yote yatakayotoka.

Klipu zirudishwe nyuma kwa koleo, kisha mpira uzungushwe kushoto na kulia hadi uachie. Kuuvuta kwa nguvu au kuuchokonoa kwa bisibisi huvunja mdomo wa plastiki. Hilo si hoja kwa rejeta inayotupwa, lakini ni msiba mdomo wa upande wa injini ukivunjika.

Kwa gari la otomatiki, vijibomba vya mafuta ya giaboksi hufunguliwa na kuzibwa mara moja kwa vizibo safi ili uchafu usiingie. Mafuta yatakayodondoka yapimwe pia. Yakionekana meupe mithili ya maziwa yaliyotiwa rangi ya waridi, maji yameshaingia kwenye giaboksi. Gari hilo lisiendeshwe hata mita mia moja. Lipelekwe kwa fundi likiwa linavutwa, magurudumu yanayoendeshwa na injini yakiwa juu ya ardhi.

Plagi ya waya wa feni ikishachomolewa, na vishikizi vya juu vikifunguliwa, rejeta hunyanyuliwa wima. Katika magari mengi hutoka pamoja na feni na kava lake. Raba ndogo zilizo chini, ambazo huikinga rejeta na mtikisiko, zitazamwe zisije zikabaki zimeng'ang'ania kwenye rejeta kuukuu.

Mbele ya rejeta kuna kiyoyozi kinachofanana nayo. Hicho hakifunguliwi. Ndani yake mna gesi yenye shinikizo kubwa inayoweza kugandisha ngozi na kupofusha macho. Kisukumwe taratibu tu ili kipishe.

Kuiweka mpya

Feni na kava lake vihamishiwe kwenye rejeta mpya, boliti zikikazwa kwa kiasi tu, kwani plastiki haihimili mabavu. Rejeta iteremshwe hadi vishikizi vya chini viketi ndani ya raba zake. Ikiwa inapwaya, kuna raba iliyosahaulika, na mtikisiko wa barabara za mashambani utaivunja kabla ya mwaka kwisha.

Mipira irudishwe hadi ifike kwenye alama yake ya awali, na klipu zikae nyuma ya ukingo wa mdomo, si juu yake. Vijibomba vya giaboksi na plagi ya feni vifungwe. Skrubu ya chini ikazwe kwa mkono. Ndipo waya wa betri urudishwe.

Maji ya bomba au ya kisima yana chumvi zinazoganda ndani ya vijibomba mithili ya ukoko wa sufuria. Kinachofaa ni kulanti, kimiminika cha kupoza injini kinachozuia kutu na kuinua kiwango cha kuchemka, kikichanganywa na maji yaliyokenekwa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye mtungi. Iliyochanganywa tayari haiongezwi maji. Rangi mbili tofauti zisichanganywe bila ya kuhakikisha kwamba zinapatana, kwa maana baadhi huganda zikikutana.

Mnunuzi awe mwangalifu anapoomba maji ya betri dukani, kwa sababu wauzaji wengine hulitumia jina hilo kwa asidi. Asidi ikiingia kwenye rejeta ya alumini itaitafuna.

Kutoa hewa ndani

Hatua hii ndiyo hupuuzwa zaidi, na ndiyo huua injini ambazo zimetiwa rejeta mpya. Hewa iliyonaswa ndani huzuia maji yasizunguke, na mita ya joto yaweza hata kudanganya, kwani kipimio chake husoma vyema kikiwa ndani ya maji.

Kulanti imiminwe polepole hadi mdomoni, huku mipira ikiminywa kwa mkono ili vipovu vipande. Hita ya gari iwekwe kwenye joto la juu kabisa ili njia yake nayo ifunguke. Iwapo injini ina skrubu ya kutolea hewa, ifunguliwe mpaka maji yasiyo na vipovu yatoke.

Kifuniko kikiwa wazi, injini iwashwe na kuachwa ikiunguruma taratibu. Kiwango kitashuka thamostati ikifunguka, na mpira wa juu utapata moto ghafla. Kulanti iongezwe hadi vipovu viishe, kisha kifuniko kifungwe kabla maji hayajaanza kutokota. Injini isizimwe hadi feni iwake na kujizima angalau mara mbili, jambo linaloonyesha kwamba mfumo mzima unafanya kazi.

Baada ya injini kupoa kabisa, kiwango kikaguliwe upya na chupa ya akiba ijazwe hadi kwenye alama. Mafuta ya giaboksi nayo yapimwe na kuongezwa kwa aina iliyoagizwa na mtengenezaji.

Jaribio la kwanza liwe fupi, mathalani kutoka mjini Kakamega hadi Khayega na kurudi, dereva akiitazama mita kila mara. Gari likilala na asubuhi pakaonekana pakavu chini yake, kazi imekamilika. Safari ya Kisumu au Webuye isubiri hadi kiwango kikaguliwe kwa siku tatu mfululizo.

Kuondoa thamostati

Baadhi ya wenye magari huondoa thamostati wakiamini kwamba injini itapoa zaidi. Ni kweli kwamba maji huzunguka wakati wote, lakini injini hukaa baridi kupita kiasi. Kompyuta ya gari, ikidhani ndipo tu injini imewashwa, huongeza petroli, na vyuma huchakaa upesi kwa sababu mafuta hayajafikia joto lake. Thamostati mpya hununuliwa kwa bei ndogo ikilinganishwa na petroli inayopotea kwa mwaka mmoja.

Kulanti kuukuu

Lililobaki ni lile karai la kulanti chafu. Kulanti nyingi zina glikoli, sumu yenye ladha tamu inayowavutia mbwa, kuku na hata watoto. Kiasi kidogo chaweza kuharibu figo za mtoto na kumuua.

Kuimwaga kwenye mtaro si suluhisho. Maji ya mitaro ya Kakamega huteremka hadi Mto Isiukhu, unaoingia katika Mto Nzoia na hatimaye Ziwa Victoria, na kando ya mito hiyo ng'ombe hunyweshwa na watu huteka maji. Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999 inaharamisha kutia sumu katika vyanzo vya maji.

Kulanti hiyo itiwe kwenye mtungi wenye kifuniko kinachokaza, iandikwe wazi kwamba ni sumu, iwekwe mbali na watoto na kupelekwa kwenye gereji inayokusanya taka za aina hiyo. Chupa ya soda isitumike kamwe, kwa kuwa mtoto husoma chupa kabla ya kusoma maandishi.

Rejeta kuukuu nayo si takataka. Wanunuzi wa vyuma vikuukuu huipima kwa kilo, na ile ya shaba hupata bei bora kuliko ya alumini.

Mita ikipanda njiani

Kwa dereva ambaye hajafika nyumbani, ushauri ni mfupi. Mita ikianza kupanda, azime kiyoyozi, awashe hita kwa nguvu zote na atafute mahali salama pa kuegesha. Ikifika kwenye alama nyekundu, azime injini mara moja, aweke pembetatu za kuakisi mwanga na awahamishe abiria mbali na barabara.

Asimwage maji baridi juu ya injini moto, kwani hedi huweza kupasuka au kupinda. Angoje angalau nusu saa, aguse mpira wa juu kwa tahadhari, na ikiwa bado ni mgumu au una moto, aendelee kungoja. Kilomita mbili za kulazimisha gari lililotokota ndizo mara nyingi hutenganisha gharama ya rejeta na gharama ya injini nzima.